Februari Isiyo na Ishirini na Tisa

Kama Claver angekufa siku moja mapema, au angevumilia mpaka kesho yake, nisingekuwa na la kusimulia. Alikufa tarehe ishirini na tisa Februari, mwaka wa 2024, mchana kweupe, hospitalini hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, baada ya ini kumtesa kwa majuma machache. Siku ile hakuna aliyeangalia tarehe. Nani anaangalia tarehe mbele ya maiti? Tulilia, tukamwosha, tukamzika, kila mtu akarudi kwake.

Mimi ni Anastasie, fundi wa nguo, Mubembe wa hapahapa. Watu wa avenue yetu hapa mtaani wananiita Mama Merveille kwa jina la binti yangu, na wanasema pia kwamba nina mdomo. Sibishi. Claver na mke wake Gloriose walikuwa wapangaji wangu, Warundi waliokimbia kwao mwaka wa 2015. Walikaa kwanza kambini Lusenda kama wenzao, kisha wakahamia mjini kwa sababu Claver alikuwa seremala na kazi ilikuwa huku. Gloriose analima. Ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba msamaha. Tuliishi vizuri uani kwangu, kwa sababu mdomo wangu ulitutosha wote wawili.

Mama yake Claver, Immaculée, alikuwa amebaki Lusenda. Siku ya maziko alifika kwa moto, pikipiki ya abiria, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya kaburi na akasema neno moja kwa sauti, watu wote wakisikia:

"Kama bangemuleta ku hôpital mapema, mwanangu hangekufa."

Hakumtaja mtu. Lakini mgonjwa alikuwa analala nyumba ya nani? Gloriose alikuwa amesimama kando yangu, nimemshika mkono, na nilisikia vidole vyake vikilegea vyote kwa pamoja. Nilitaka kujibu mimi, kwa kuwa nilijua ni Claver mwenyewe aliyekataa kwenda, akisema ni malaria tu, itapita. Gloriose akanibana. Nikaufunga mdomo, na mimi sizoei kuufunga.

Kwa Warundi, msiba hauishi wenyewe. Unafungwa rasmi, karibu mwaka baada ya kifo, siku wanayoiita kuganduka. Sisi tunasema kutosha kilio, yaani kuondoa matanga. Siku hiyo ukoo wa mume unakuja, pombe ya mtama inanywewa, maneno yanasemwa, na katika ukoo wa Claver mama wa marehemu ndiye anayemvua mjane kitambaa cheusi cha kichwani, kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya hapo mjane haketi penye karamu, haimbi, hajipambi. Na kuna jambo ambalo nililichukia tangu nilipolisikia: mjane haombi siku hiyo. Anayeitangaza ni mkubwa wa ukoo. Mjane akithubutu kuuliza ni lini, watasema anatafuta mwanaume.

Mkubwa wa ukoo ni Egide, kaka yake Claver. Yuko Kanada, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Ndugu zake wametawanyika Lusenda, Nyarugusu, Bujumbura na sijui wapi kwingine, na yeye akaona dawa ya kutawanyika ni kalenda moja ya simu ambayo ukoo mzima unaitazama. Ndani yake aliandika kila kitu: watoto waliozaliwa, ndoa, misa, vifo. Siku ikikaribia, simu za wote zinalia kwa pamoja, hata kama mmoja yuko kwenye theluji na mwingine yuko shambani. Gloriose ana simu ndogo ya kubonyeza, kwa hiyo habari zake zilipitia kwangu. Wiki moja baada ya maziko, Egide aliniandikia: "Mama Merveille, umuambie bibi ya kaka yangu asiwe na wasiwasi. Nimeisha kuandika siku. Hatutasahau." Nilimsomea Gloriose, akashukuru.

Mwaka ukapita. Februari ya 2025 ilikuja na habari mbaya za vita vya Bukavu, watu wanatembea na mafurushi, lakini moto za kwenda Lusenda zilikuwa zinafanya kazi, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wanafika sokoni kama kawaida. Gloriose aliloweka mtama, akautia kimea, akapika pombe. Mimi nilimshonea nguo mpya, bluu yenye maua, maana baada ya kitambaa cheusi mtu lazima avae kitu. Kisha tukakwama kwenye jambo la kijinga. Mwezi ule uliishia ishirini na nane. Siku yenyewe haikuwepo.

"Itakuwa tarehe makumi mbili na munane," nilimwambia. "Alikufa mwisho wa Februari, na mwisho wa Februari ni pale."

"Ao tarehe moja ya mwezi wa tatu," Gloriose akasema. "Juu alikufa makumi mbili na munane imeisha kupita."

Hatukupata jibu, kwa hiyo tukakaa kungoja siku zote mbili. Ijumaa alifagia ua, akatandika mikeka, akakaa mlangoni na kitambaa chake cheusi. Kila moto iliyopunguza mwendo aliinuka nusu. Jioni akaiingiza mikeka. Jumamosi akaitoa tena. Mimi nilikuwa kwenye mashine yangu ya kushona, natupa macho mara barabarani, mara kwake, na sikushona hata mshono mmoja ulionyooka. Hakuja mtu. Hakuna aliyepiga simu. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji, na ilikaa kimya siku zote mbili.

Pombe iliharibika, tukaimwaga nyuma ya choo. Gloriose aliosha chungu, akakigeuza, akasema polepole:

"Ni ile neno ya ku kaburi, Mama Merveille. Banasema ni mi, mi njo nilimuua."

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini moyoni niliona ana haki ya kufikiri hivyo. Watu hawasahau kifo cha mtoto wao. Wakinyamaza, wananyamaza kwa makusudi. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu wakati ule.

"Twende Lusenda, tumuulize mama mukwe yako uso kwa uso," nikasema.

"Mujane haombaka."

"Basi nitaomba mi!"

"We ni nani kwetu? Batasema ni mi nilikutuma."

Tulilizungusha hilo miezi yote. Aprili, Mei, Juni. Gloriose aliendelea kwenda shambani na kurudi, kitambaa kikififia kwa jua mpaka kikawa na rangi ya majivu. Alikuwa na sauti nzuri sana. Zamani akipika, majirani walikuwa wanapunguza redio ili wamsikie. Sasa alipika kimya. Wanawe wawili walianza kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe, wakidhani ndivyo watu wanavyoishi. Niliwakasirikia Warundi wote, kisha nikajisuta, kisha nikakasirika tena.

Agosti wakwe wakaja kuleta mahari ya binti yangu Merveille. Gloriose aliamka kabla yangu. Alitwanga sombe ya majani ya mihogo, akakaanga samaki, akasonga bukari, ugali wa kulisha kijiji. Lakini wageni walipoingia na ngoma ikaanza, nilimtafuta sikumwona. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo, mgongo kwa ukuta, anasikiliza. Nikamwambia aje hata asimame mlangoni. Akatikisa kichwa. Niliporudi uani nikawasikia wanawake wawili wa upande wa mkwe wangu wakisemezana, mmoja akisema: "Mwaka na nusu iko na nguo ya kilio. Bukwe yake bamemukatala. Haikosi kuko kitu alifanya."

Nilicheka na wageni siku ile, nikala, nikapokea zawadi. Kesho yake asubuhi nikampigia Egide simu, nikamlipua.

Sikumsalimu. Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa ukoo wao, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimwambia kwamba bibi ya kaka yake anakaa nyuma ya jiko langu kama mwizi. Nilimuuliza kama huko Kanada wanakula nyama tu au wanakula na aibu pia.

"Mama Merveille," akasema, "ni mi. Mama hana kosa, Gloriose hana kosa. Ni mi na hii simu."

Akanieleza, na nilimwambia arudie mara mbili. Siku ile aliyoniandikia, alifungua kalenda ya ukoo, akaweka tarehe ya kifo, akaandika jina la Claver na neno kuganduka. Simu ikamuuliza: jambo hili litarudi? Akabonyeza kila mwaka. Ikamuuliza: mpaka lini?

"Nikabonyeza bila mwisho. Ningeandika mwisho gani, Mama Merveille? Ni ndugu yangu."

Mimi nilidhani simu huandika miaka yote hiyo mbele, moja baada ya nyingine, mpaka siku ya kiyama. Egide akasema hapana. Haiwezi, itaiweka wapi? Inachohifadhi ni siku ya kwanza tu na amri moja fupi: kila mwaka, tarehe hii. Halafu mtu anapofungua mwezi fulani, ndipo inapopiga hesabu na kuona kama siku hiyo imo. Ilipofika Februari ya 2025 ilitafuta tarehe ishirini na tisa, haikuiona, ikapita. Haikurudi nyuma kwa ishirini na nane. Haikusogea mbele kwa tarehe moja. Haikumwambia mtu kwamba imeruka. Iliendelea kutafuta mwaka kwa mwaka mpaka ikaikuta mwaka wa 2028, siku ya Jumanne, na huko ndiko ilikomwandika Claver.

"Hata mulevi akikosa mulango yake anagonga ya jirani," nilisema. "Hiyo simu yako haina hata akili ya mulevi."

Hakucheka. "Niliiweka mule ili nisisahau. Alafu nikasahau juu ya vile niliiweka mule. Nilikuwa nangoja ilie. Mwezi wa ine njo nilishituka, nikafungua, nikaona 2028. Nikashikwa na haya. Nikasema nitapiga simu kesho. Kesho ikakuwa ingine."

"Mwezi wa ine! Na sasa ni mwezi wa munane!"

"Nilitengeneza. Nimeweka makumi mbili na munane Februari ya mwaka unakuya. Batu bote bataona."

Hapo ndipo nilipotaka kuitupa simu yangu ziwani. Nikamuuliza kama anataka Gloriose avae kile kitambaa nusu mwaka mwingine ili kalenda yake istarehe. Akaanza kulia. Mwanaume mzima, huko mbali, usiku wake, analia kwenye sikio langu. Hasira yangu ikakosa pa kusimama, nikakaa chini. Ukweli ni kwamba nilimhurumia. Alikuwa amebeba wafu na watoto wa nchi tano peke yake, na aliogopa kuwaangusha.

"Na Mama," akasema, "Mama naye alikaa siku ile. Alioga, akavaa, akangoja niseme. Kiisha akaniuliza kama ni Gloriose njo aliniambia hamutaki. Nilinyamaza. Sasa alijiandikisha kurudia Burundi. Convoi ya kubarudisha ni juma iyi."

Nikasimama tena. Immaculée akishavuka mpaka, nani angemvua Gloriose kile kitambaa? Uzee ule, barabara ile, vita hivi. Asingerudi.

Nilimpelekea Gloriose simu shambani, nimeiweka sauti juu. Alikuwa anapalilia mihogo. Aliposikia ni Egide akaangusha jembe na kujifuta mikono kana kwamba anaonekana.

"Gloriose," Egide akasema, "mi mukubwa wa familia. Kilio ya Claver inatoka kesho. Utaenda Lusenda, Mama atakutosha kitambaa. Haukuomba. Ni mi nasema."

Alimweleza pia habari ya tarehe na simu, kwa maneno machache, na akaomba msamaha. Gloriose alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, siyo yeye:

"Kumbe hawakunikatala?"

"Hawakukukatala."

Akachuchumaa kati ya mihogo, akaficha uso.

Asubuhi tulipanda moto, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja, nguo ya bluu ndani ya mfuko wa plastiki, tukapita Lweba, tukaacha ziwa upande wetu wa kulia. Gloriose alikuwa anaogopa. Simu ilikuwa imeeleza kwa nini mtu hakuja. Haikuwa imeeleza lile neno la kaburini, na lile neno lilisemwa na kinywa cha mtu.

Immaculée tulimkuta ndani ya nyumba yake ya udongo kambini, amekaa juu ya gunia lililofungwa kamba. Mizigo yake yote ilikuwa tayari: madumu, sufuria, mkeka, kuku mmoja amefungwa miguu. Na kichwani alikuwa na kitambaa cheusi, kimefifia kama cha Gloriose. Alituangalia bila kuinuka.

"Mumekuya kuniaga?" akauliza.

"Tumekuya kutosha kilio, Mama," nikasema. "Egide anatutuma."

Nikampigia Egide, uso wake ukatokea kwenye kioo, nikaishikilia simu mbele ya mama yake. Egide alieleza yote upya. Immaculée hakusoma, na simu kwake ni kitu cha kusikilizia watoto. Aliniangalia mimi.

"Eti simu iliruka siku ya mwanangu?"

"Iliruka, Mama. Siku haikukuwa mule mwaka huu."

"Mi niliiona," akasema. "Nilikaa hapa siku mbili."

Gloriose akainua kichwa. "Siku mbili, Mama? Ijumaa na Posho?" Posho kwetu ni Jumamosi.

"Sikujua ni ipi kati yazo."

Waliangaliana, na nilijua nimesikia jambo ambalo sitalisahau: wanawake wawili, kila mmoja mlangoni kwake, mikeka nje, siku zilezile mbili.

Immaculée akamgeukia mwanawe. "Uliandika nini mule? Soma."

Egide akasoma: "Claver. Kuganduka. Kila mwaka, bila mwisho."

"Bila mwisho?" Sauti ya mama ilipanda. "Egide, nani alikufundisha? Kilio inafanyika mara moja tu, inaisha. Njo kazi yake. Tunaganduka ili batu bainuke, bapike, baimbe. We ulituandikia kilio ya kila mwaka mpaka mwisho wa dunia?"

"Nilizani nikiweka mwisho, ni kama namusahau."

"Kumukumbuka, hiyo njo haina mwisho. Na hiyo haiandikwaka mu simu." Akapumua. "Toa hiyo kitu."

Egide akainamia simu yake. "Inaniuliza, Mama. Nitoshe hii moja, ao hii na zenye zinafwata, ao zote?"

"Zote ni namna gani?"

"Zote ni zote. Hata ile ya kwanza. Siku alikufa inatoka na yenyewe."

Nje watoto walikuwa wanapigania dumu bombani. Immaculée alikuwa anaiangalia ile simu kama mtu aliyeambiwa neno kubwa na anataka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Siku alikufa, unaweza kuitosha?"

"Mu kalenda, Mama. Mu kalenda tu."

"Itoshe."

Egide akabonyeza. Tulisikia mlio mdogo. "Imetoka," akasema.

Na mimi, Anastasie, mwenye akili zangu, niliyemwosha Claver kwa mikono yangu, nakiri kwamba nilitazama mlangoni. Gloriose alitazama. Immaculée alitazama. Tulikaa hivyo kidogo, watu wazima watatu, tukiangalia mwanga wa mlango, na hakuna aliyeingia.

"Eh," Immaculée akasema mwishoni. "Basi. Gloriose, leta kichwa."

Gloriose alipiga magoti mbele ya gunia, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake. Immaculée alipeleka mikono kwenye kitambaa, akakigusa, kisha akasita hapohapo, vidole vikiwa juu ya fundo.

"Ile neno nilisema ku kaburi," akasema. "Mbele ya kukufungua, unisikie. Claver alinipigia simu siku alianza kuumwa. Mi njo nilimuambia asiende ku hôpital, ni homa tu, anywe umuravumba, majani ya dawa. Nilimutumia majani na mutu wa moto. Nilimuambia angoje. Akangoja, juu alikuwa mutoto wa kusikia mama yake." "Ile neno nilikuwa nasema juu yangu. Ukainama kama ni yako. We ulijua majani yalitoka wapi. Ulijua, ukanyamaza, haukuniharibisha mbele ya batu. Ile siku hawakuniita, nikasema ni haki. Mutu kama mi banamuitaje?"

Nilikuwa sijui. Mwaka na nusu ndani ya ua mmoja na Gloriose, na sikujua. Alikuwa amemficha mama mkwe wake hata kwangu, hata siku tulipomwaga pombe nyuma ya choo na mimi nilipomtukana huyo mama kwa majina yote niliyonayo.

Gloriose hakuinua kichwa. Sauti yake ilitoka ndani ya kitenge cha yule mama.

"Majani ulituma we, Mama. Na mi njo nilipika. Nilimunywesha na mukono yangu, asubuhi na jioni. Na mi nilizani itamuponya."

Immaculée alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Kisha akaanza kufungua. Fundo lilikuwa limekaza, kwa kuwa Gloriose alilifunga kwa nguvu asubuhi ile kwa sababu ya upepo wa barabarani, na vidole vya mzee havikuliweza. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanisukuma. Akainama, akalifungua kwa meno, uso wake ndani ya nywele za Gloriose, na kitambaa kilipoanguka aliendelea kukaa vilevile, hakuinuka.